Muulize kwanza kuhusu viatu

Mara ya kwanza nilipokaa na babu kumrekodi akisimulia vita alivyopigana, nilikuwa na maswali 22 kwenye karatasi. Mliondoka lini? Kikosi kilikuwa na watu wangapi? Kamanda alikuwa nani? Alinijibu yote kwa kifupi, kama askari anayetoa taarifa kwa mkubwa wake. Nusu saa ilipokwisha sikuwa na neno hata moja ambalo nisingelipata kwenye kitabu cha historia.

Wiki iliyofuata niliiacha karatasi. Nikamuuliza tu, "Babu, usiku mlikuwa mnalala na viatu?" Akanyamaza. Kisha akainama, akachukua kiatu changu na kuanza kufunga kamba kwa mkono mmoja, taratibu, huku akitazama ukutani. Vidole vilitetemeka, lakini fundo lilikaa sawasawa. "Hivi," akasema, "maana mkono wa pili una bunduki." Akanitajia aliyemfundisha fundo lile, kijana mwenzake ambaye hakurudi. Miaka yote ile, hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kulisikia jina hilo.

Kwa hiyo ukimrekodi mzee aliyewahi kuwa vitani, anza na vitu vidogo: blanketi, barua, maji ya kunywa, harufu ya handaki. Tarehe akizichanganya usimsahihishe, utazitafuta baadaye kwenye nyaraka. Fundo la kamba huwezi kulikuta huko.

Jambo lililonishinda kwa muda mrefu ni kunyamaza. Niliposikiliza tena rekodi zangu za mwanzo nilijisikia nikimkatiza mara kwa mara, nikimpa neno alipokwama, na kila nilipompa neno alilipokea na kuachana na alichotaka kusema. Mzee akisita, hesabu hadi kumi moyoni. Na swali la "uliua wangapi?" usiliulize kabisa. Akitaka kulizungumza, atalileta mwenyewe. Kuna siku niliambiwa babu hakupata usingizi baada ya mazungumzo yetu, tukapumzika wiki mbili. Rekodi haina thamani ya kumrudisha mtu vitani usiku kucha.

Ila usiahirishe bila sababu. Jumba la makumbusho la Imperial War Museum mjini London lilianza kurekodi sauti mwaka 1972, wakati aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza akiwa na miaka 20 alikuwa ameshapita 70. Claude Choules, mwanamaji anayetajwa kuwa wa mwisho kati ya waliopigana vita hivyo, alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 110. Tangu hapo hakuna tena aliyepigana humo wa kuulizwa. Nchini Marekani, Maktaba ya Bunge inakusanya masimulizi ya maaskari wa nchi hiyo tangu mwaka 2000, na mtu yeyote anaweza kumrekodi mzee wake na kuyapeleka, mradi mahojiano yafike dakika 30. Nusu saa yangu ya kwanza ingefikia kipimo hicho kwa taabu.

Kuhusu vifaa, simu inatosha. Zima feni na redio, simu iweke karibu naye kuliko ulivyo wewe, kisha taja tarehe na jina lake. Muulize huku unarekodi: "Nani aruhusiwe kusikiliza, na ukishafariki je?" Ukiandika maneno yake kwenye karatasi, usimsafishie lugha.

Halafu weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Hili nasisitiza kwa uchungu. Kikao chetu cha nne, alichosimulia kurudi kwake kutoka vitani, kilikuwa kwenye simu yangu peke yake, na simu ikaharibika. Nilipomwomba asimulie tena alikubali. Alisimulia safari, mizigo, mvua njiani. Ila pale alipofika mlangoni kwa mama yake, safari hii alipapita haraka, na sikuthubutu kumrudisha.