Maswali ya Ujenzi: Lipu Inayobambuka Lamu na Paa la Makuti Malindi

SWALI: Asalaam aleikum. Nimerithi nyumba ya mawe ya bibi yangu katika mtaa wa Mkomani, Lamu. Miaka minne iliyopita tulipiga lipu ya saruji ukumbini, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imechakaa. Sasa lipu hiyo imevimba na kubambuka mpaka kimo cha kiuno, na chini yake kuna unga mweupe. Fundi anashauri tuibandue, tupige saruji nzito zaidi, tupake rangi ya kuzuia maji, kisha tuondoe boriti za mikoko zinazobeba dari na kumwaga zege. Ningependa kukarabati bila kuharibu mazingira, lakini sina fedha za kufanya kazi mara mbili. Nifanyeje? – Msomaji wa kike, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Nakusihi usimruhusu fundi aanze kabla hujasoma haya.

Unga huo ni chumvi. Kuta za Mkomani zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na matumbawe yana vitundu vinavyonyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji hayo hupanda pamoja na chumvi yake, na ni lazima yapate pa kutokea. Lipu ya chokaa huyaachia yatoke taratibu kama mvuke, lakini ya saruji huyafungia ndani, nayo yakikosa njia hupanda juu zaidi, huku chumvi ikiganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka iachane na jiwe. Gonga ukuta wako kwa kifundo cha kidole: panapolia kama debe tupu, lipu imekwisha kuachana, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Saruji nzito na rangi ya kuzuia maji zitaziba hata zile nyufa ndogo ambazo ukuta unapumulia sasa, na unyevu ukifika kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani utaviozesha. Nimewahi kuchoma kichwa cha boriti kwa kisu katika nyumba iliyofanyiwa hivyo, na kisu kikaingia mpaka mpini, ilhali katikati ya dari boriti ileile ilikuwa ngumu kama chuma.

Kwa hiyo rudi kwenye chokaa. Bandua saruji yote iliyovimba na uende juu kidogo ya alama ya unyevu. Sugua chumvi kwa brashi kavu, uizoe na kuitupa mbali. Usiioshe kwa maji, kwa sababu itarudi ukutani. Kisha uache ukuta wazi ukauke kwa miezi kadhaa. Najua ni vigumu kuishi na ukumbi wa namna hiyo, lakini hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Baadaye piga lipu ya kipimo kimoja cha chokaa iliyozimwa vizuri, yaani iliyokwisha kulowekwa maji, kwa vipimo vitatu vya mchanga, kwa matabaka membamba yasiyozidi sentimita moja kila moja, na uifunike kwa magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa ili isikauke kwa pupa. Usimruhusu mtu yeyote aongeze saruji "kidogo tu" ili ikaze upesi.

Kuhusu mchanga, usinunue uliochotwa katika vilima vya Shela, kwa sababu vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji ya mvua yanayolisha visima vya mji. Wa ufukweni nao una chumvi ileile unayojaribu kuiondoa.

Umeuliza pia kuhusu mazingira. Saruji huchomwa katika joto la takriban nyuzi 1,450, na utengenezaji wake hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Chokaa huhitaji nyuzi 900 hivi, na inapokauka ukutani hurudisha ndani yake sehemu kubwa ya hewa iliyotoka kwenye jiwe. Hata hivyo hairudishi moshi wa kuni, na matanuri yetu ya zamani yalikula miti mingi ya mikoko. Basi muulize muuzaji chokaa yake imechomwa kwa kuni gani, na imetokana na mawe gani. Matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, kama yale ya Manda, yanafaa. Yaliyokatwa yakiwa hai baharini ni makazi ya samaki, wala mimi siwezi kukubali yatumike.

Boriti zako ziache. Zege ni zito kuliko uzito ambao kuta hizo zilikusudiwa kuubeba, na nondo zake hushika kutu upesi katika hewa ya chumvi. Chunguza boriti mojamoja na ubadilishe zilizooza tu. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini hilo halitupi ruhusa ya kukata ovyo, kwa hiyo nunua kwa mkataji mwenye kibali cha Huduma ya Misitu. Na kwa kuwa Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, pitia ofisi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kugusa chochote.

SWALI: Ninajenga nyumba ndogo Malindi, karibu na bahari. Niezeke makuti au mabati? – Msomaji, Malindi

JIBU: Ndugu yangu, iwapo jiko lako litakuwa mbali na paa, na uko tayari kuezeka upya kila baada ya miaka michache, chagua makuti. Nyumba itakuwa na ubaridi bila feni, mnazi haukatwi ili kuyapata, na fedha zako zitabaki kwa wasukaji wa hapo hapo kwenu. Mabati ya bei nafuu hushika kutu haraka kwa upepo wa bahari. Mwambie fundi alisimamishe paa kwa mwinamo mkali, kwa sababu lililolala huweka maji na kuoza mapema. Kabla ya kulipa, fungua mzigo mmoja wa makuti na uangalie yamesukwa kwa kubanana kiasi gani kwenye ufito. Yakipitisha mwanga mwingi, mvua ya masika nayo itapita.