Maswali ya Wasomaji: Fidla ya Unguja na Vilabu Vilivyoilea

Barua tatu zilizotufikia kwa nyakati tofauti zinahusu jambo moja, nalo ni fidla katika taarab ya Unguja na makundi yaliyoipiga kwa zaidi ya miaka mia moja. Tumeona ni vyema kuzijibu pamoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Katika harusi ya jamaa zangu huko Unguja niliwasikia Ikhwani Safaa wakipiga taarab, na safu ya wapiga fidla ilinivutia mno. Mzee mmoja alinieleza kwamba kundi hilo lilikuwa la Sultani na kwamba yeye ndiye aliyeuleta muziki huo kutoka Misri. Mzee mwingine alimkatalia, akasema ni klabu ya watu wa mtaani. Nani mkweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, wazee hao wawili walikuwa wakizungumzia mambo mawili yaliyotokea nyakati mbili, na yule aliyemkatalia mwenzake ndiye aliye karibu zaidi na ukweli kuhusu Ikhwani Safaa yenyewe. Simulizi ya Sultani ni ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Inasimuliwa kwamba alipendezwa na muziki wa Misri, akampeleka Mohamed bin Ibrahim kujifunza kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kwa kudonoa) huko, naye aliporudi akawa anapiga mbele ya Sultani na wageni wake. Simulizi hiyo imekaririwa mno, hata wengi hudhani historia nzima ya taarab ilianzia na kuishia katika ukumbi wa jumba la kifalme. Lakini Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, Barghash akiwa amekwisha kufariki miaka 17 nyuma, na walioiasisi ni vijana wa Mji Mkongwe waliotaka kuwa na mahali pao pa kukutana, kuzungumza na kupiga muziki. Jina walilolichagua ni la kundi la wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, jambo linaloonyesha kwamba waliuona umoja wao kuwa udugu kwanza na bendi baadaye.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwanamuziki wa jumba la kifalme hutegemea hazina ya mfalme, na mfalme akifa au mrithi wake asipopenda muziki, fidla hubaki ukutani. Wanachama wa klabu walichanga fedha wenyewe na kuagiza vyombo kutoka Misri, na vyombo vikawa mali ya klabu. Kijana asiye na uwezo wa kununua fidla yake aliweza kuishika ya klabu jioni baada ya kazi, akakaa nyuma ya waliomtangulia, akasikiliza na kufuatisha kwa sikio mpaka wimbo ukamkaa mkononi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu kubwa ya fidla kudumu Unguja: ilikuwa na nyumba yake na watu wa kuirithi, na haikuhitaji kibali cha jumba lolote.

Unaweza pia kujiuliza kwa nini ikawa fidla, chombo cha Ulaya, katika muziki uliofuata mtindo wa Kiarabu. Wamisri walikuwa wameshaipokea fidla katika nusu ya pili ya karne ya 19, ikachukua nafasi ya kamanja, chombo chao cha zamani cha upinde, katika makundi madogo yenye udi (chombo cha nyuzi), kanuni, nai (filimbi) na rika (tari ndogo). Shingo ya fidla haina vizuizi vya kugawa sauti kama ilivyo kwenye gitaa, kwa hiyo kidole kinaweza kutua popote, hata kwenye zile sauti za katikati ambazo maqamu (ngazi za sauti) ya Kiarabu huzihitaji na ambazo piano haiwezi kuzitoa. Wapiga fidla wa Misri walizoea pia kulegeza nyuzi mbili za juu, kila mmoja kwa sauti moja nzima kutoka kiwango cha Ulaya, ili nyuzi nne ziwe jozi mbili zinazojibizana. Vijana wa Unguja walikipokea chombo kikiwa tayari kimezoezwa masikio ya Kiarabu. Wazo la kukwaruza uzi kwa upinde halikuwa geni bara pia, kwani Wagogo wana zeze lao na Waluo wana orutu yao, lakini fidla ya taarab haikutokana na vyombo hivyo.

Mwanzoni klabu iliimba kwa Kiarabu. Kiswahili kilipata nguvu kubwa kupitia Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye pamoja na wenzake walisafiri mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Siti hakutoka katika klabu za mabwana wa mjini, na huo ni ushahidi mwingine kwamba muziki huu ulikuwa umeshavuka kuta nyingi. Kisha, kuanzia miaka ya 1930, filamu na santuri za Misri za waimbaji akina Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab ziliwaonyesha wapenzi wa taarab okestra kubwa zenye fidla nyingi kwa pamoja, na vilabu vya Unguja navyo vikakua: fidla kadhaa badala ya moja au mbili, kodiani, sello na besi kubwa ya kusimama. Safu uliyoiona harusini ni matunda ya wakati huo. Wote hupiga sauti moja, kila mmoja akiipamba kidogo kwa namna yake, na mwimbaji akimaliza ubeti fidla humjibu. Kabla ya nyimbo utakuwa umesikia bashraf, kipande cha vyombo vitupu kinachofungua shughuli, na hapo ndipo hadhira ya zamani ilipopima uhodari wa wapigaji.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 klabu ilipita katika kipindi kigumu. Baadhi ya wanachama walihama nchi, na jina lenyewe likabadilishwa, ikajulikana kama taarab ya Malindi, mtaa wa mjini Unguja, kabla ya jina la asili kurudi miaka mingi baadaye. Mwaka 2005 ilitimiza miaka mia moja.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Hapa Mombasa tunabishana kuhusu kidumbak. Je, ni taarab ya kimaskini tu, au ni muziki wake wenyewe? Na fidla yake ni ileile? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Marahaba. Fidla ni ileile, mkono ndio tofauti. Kidumbak ni muziki wa Ng'ambo, yaani mitaa ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, na wa mashamba: ngoma mbili ndogo, sanduku la chai lililogeuzwa kuwa besi kwa fimbo na uzi mmoja, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (manyanga) za vifuu vya nazi, na fidla moja ambayo hubeba sauti yote ya wimbo peke yake. Mpigaji hana kanuni wala udi wa kumfichia makosa, na mbele yake wako watu wanaocheza, si wageni waliokaa vitini wakisubiri zamu ya kwenda kutunza. Kwa hiyo upinde huenda kwa kasi, kwa mikato mifupi na mikali, na wimbo uliosikika kwenye taarab wiki iliyopita hugeuzwa kuwa wa kukata viuno.

Kuiita taarab ya kimaskini ni kuidharau bila sababu. Wapigaji wengi wa klabu ya Mila na Utamaduni, inayojulikana pia kama Culture Musical Club, walipitia kidumbak kwanza. Mfano mashuhuri ni Makame Faki, aliyeitwa Sauti ya Zege, ambaye aliimba na kupiga fidla katika klabu hiyo na pia kuongoza kidumbak chake. Klabu yenyewe ina mizizi Ng'ambo: ilianza mwaka 1958 ikitokana na chama cha vijana cha Shime Kuokoana, na baada ya Mapinduzi ikawekwa chini ya wizara iliyosimamia utamaduni. Kilichoitishia fidla si kidumbak hata kidogo, bali kinanda cha umeme cha taarab ya kisasa ya miaka ya 1990, ambacho mtu mmoja hukipiga na kulipwa badala ya watu kumi.

SWALI: Ndugu Mhariri, babu yangu alihamia Muscat akiwa na fidla aliyokuwa akiipiga Unguja. Ndani yake kuna karatasi yenye jina Stradivarius. Ina thamani gani, na nifanye nini nayo? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Ndugu msomaji, karatasi hiyo isikupandishe moyo. Viwanda vya Ujerumani na Bohemia vilibandika jina hilo kwenye fidla nyingi mno za bei nafuu, kuonyesha tu kwamba umbo lilifuata lile la fundi wa Italia, Antonio Stradivari. Usiikaze nyuzi kabla fundi hajaitazama, usiitie gundi ya dukani, kwa kuwa gundi ya asili ya fidla hufanywa iweze kufunguka wakati wa matengenezo, na usiiache karibu na kiyoyozi wala ndani ya gari.

Thamani iliyo kubwa zaidi huenda imo ndani ya kasha. Tafuta daftari la nyimbo, picha ya pamoja, risiti ya mchango au alama ya klabu kwenye mbao. Ukiona alama, klabu husika ingefurahi kujua chombo chao kiko wapi, hata kama huna nia ya kukirudisha. Nakala za karatasi zinaweza kupelekwa Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Na kama yuko mjukuu anayetaka kujifunza, Chuo cha Muziki cha Nchi za Majahazi (DCMA), kilichoanza mwaka 2002 Mji Mkongwe, hufundisha fidla ya taarab pamoja na udi na kanuni, kwa sikio na kwa nota.