Kabla hujashangilia amonia yako ya kwanza

Maabara nyingi za kemia hujaza naitrojeni kwenye sanduku la glovu, yaani sanduku lililofungwa ambalo hufanyiwa kazi bila hewa, kwa sababu gesi hiyo huaminiwa haiingiliani na kitu. Wewe unayeanza kazi hii ya kugeuza gesi ya naitrojeni kuwa amonia kwa msaada wa metali, imani hiyo iache mlangoni. Wiki zangu za mwanzo nilitengeneza kampaundi ya metali ya molibdeni, nyekundu ya kuelekea chungwa, nikaiweka kwenye friza ya sanduku, nyuzi 35 chini ya sifuri. Niliporudi niliikuta zambarau. Nikajua imeharibika. Kumbe molekuli mbili zilikuwa zimeidaka naitrojeni katikati yao, na ilipopata joto ikageuka rangi ya dhahabu: kifungo kati ya atomu mbili za naitrojeni kimekatika, kila molibdeni imeondoka na atomu yake. Wanakemia Laplaza na Cummins walishalieleza hilo mwaka 1995. Tangu hapo natumia agoni, gesi isiyoingiliana na kitu, hadi nitakapoitaka naitrojeni mwenyewe.

Kifungo hicho kina nguvu ya kilojuli 945 kwa moli, ndiyo maana kukiona kimekatika kwenye chupa ya baridi kunasisimua. Lakini kuishika naitrojeni si kuibadilisha. Wanakemia Allen na Senoff waliishikisha kwenye metali ya rutheniamu mwaka 1965. Kichocheo cha kutoa amonia hakikupatikana hapo.

Sasa amonia. Kipimo cha indofenoli, kinachoonyesha amonia kwa rangi, kikigeuka buluu, tulia. Amonia huweza kutoka kwenye asidi yako, kwenye hewa ya chumba, hata kwenye ligandi (molekuli iliyoshikana na metali) yenye naitrojeni iliyovunjika. Rudia jaribio lote chini ya agoni, kisha bila metali. Halafu tumia gesi ya naitrojeni-15, aina nzito ya naitrojeni, ukiipitisha kwanza kwenye asidi, kwani mtungi wenyewe huweza kuwa na chembe za amonia. Kwenye NMR ya protoni, kipimo kinachosoma ishara za atomu za haidrojeni, amoniamu (amonia iliyochukua protoni kutoka kwenye asidi) ya kawaida huonyesha mistari mitatu iliyolingana. Ya naitrojeni-15, miwili. Ukiona mitatu, amonia hiyo haikutoka kwenye gesi yako.

Na usimwage kipunguzaji, yaani kemikali inayotoa elektroni, chote kwa mkupuo. Kikikutana na asidi, elektroni zinaishia kutengeneza gesi ya haidrojeni badala ya amonia. Wanakemia Yandulov na Schrock, mwaka 2003, walikitia polepole kwa pampu kwa saa sita, wakapata takriban molekuli nane za amonia kwa kila molibdeni. Mimi hukaa na pampu hiyo hadi mwisho, na namba za jaribio la agoni naziandika daftarini kabla sijafungua mtungi wa naitrojeni.