Mzee wa Usukani Anajibu: Mizabibu, Nyangumi na Mama Asiyekunywa

SWALI: Shikamoo, Mzee wa Usukani. Mwezi Agosti mimi, mume wangu na mamangu tunaenda Cape Town. Wakala ametupangia gari na dereva wetu peke yetu kwa siku moja: Stellenbosch, Franschhoek, mashamba matatu ya mizabibu, Hermanus tuone nyangumi, kisha Cape Point jua likitua. Mume wangu anasema heri tukodi gari aendeshe mwenyewe. Mamangu ni mtu wa Lamu, pombe hata harufu yake hataki, na ananiuliza atafanya nini huko kutwa nzima. Yawezekana kweli?
– Mama Nuru, South C

JIBU: Marahaba, Mama Nuru. Huyo wakala hajawahi kushika usukani. Hermanus iko mashariki ya Cape Town, kama kilomita 120. Cape Point iko kusini, kwenye ncha ya rasi, ng'ambo ya ghuba. Ni kama kumwambia mgeni anywe chai Naivasha, ale mchana Thika, na jua limtulie Magadi. Gari litafika, ila nyinyi mtakuwa mmetalii visogo vya viti. Cape Point itengeeni siku yake.

Sasa Agosti. Nyangumi mtawaona. Huja kuzaa na kunyonyesha kati ya Juni na Novemba, na pale Hermanus unawatazama ukiwa juu ya miamba, bila kupanda boti. Lakini huo ni msimu wa baridi na mvua, na mizabibu haina hata jani. Ukienda Februari, zabibu zinavunwa lakini nyangumi hawapo. Likizo ikisogezeka, mimi ningeenda Oktoba, wakati wa Mashujaa: majani machanga yametoka na nyangumi bado wapo. Viza isiwaumize kichwa, kwani tangu Januari 2023 wenye pasipoti ya Kenya huingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka.

Mume wako simlaumu. Kule pia huendesha kushoto na barabara ni nzuri. Ila ajue kwamba mwenye usukani haonji. Sheria yao haimruhusu dereva wa kawaida kufika gramu 0.05 za pombe kwa mililita 100 za damu, na sidhani anataka kujifunza alkoblo ya ugenini. Mwachieni dereva, lakini muulizeni mambo mawili: kibali cha kubeba abiria wa kulipa, yaani kama PSV yetu, na beji ya kuongoza watalii. Hivyo ni vitu viwili. Asiye na beji atawafikisha tu, historia mtajisomea.

Mama ndiye atakayefaidi kuliko nyote. Anzeni asubuhi Stellenbosch, mji wa mwaka 1679, mtembee Dorp Street chini ya mialoni, kati ya nyumba nyeupe za Kiholanzi. Kisha pandeni njia ya mlimani ya Helshoogte mteremkie Pniel. Wengi hupita hapo bila kupunguza mwendo, na mimi naona ni dhambi. Ni kijiji cha misheni kilichoanzishwa mwaka 1843 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Mababu zao, waliotolewa Msumbiji, Madagaska, India na Indonesia, ndio waliotumikishwa katika mashamba hayo mnayokwenda kupiga picha. Mtu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa biashara hiyo.

Franschhoek, walikofikia Waprotestanti wa Kifaransa mwaka 1688, ingieni shamba moja tu. Mkiingia la tatu hata mume wako hatatofautisha mvinyo na siki. Chagueni lenye maji ya zabibu yasiyochachuka, na mpige simu mapema kuuliza. Kuleni hapo, kisha mwambieni dereva awavushe mlimani kupitia Villiersdorp hadi Hermanus.

Kurudi msikubali barabara kuu ya N2. Piteni pwani, Betty's Bay hadi Gordon's Bay: mlima huku, bahari kule, nyani wakivuka wapendavyo. Bahari itakuwa kushoto, kwa hiyo mama akae mbele kando ya dereva.

Mkifika Macassar kabla ya giza, mwombeni dereva akunje. Hapo pana ziara, yaani kaburi linalozuriwa, la Sheikh Yusuf, mwanachuoni wa Makassar ya Indonesia aliyehamishwa na Waholanzi na kufika Cape mwaka 1694. Alifariki 1699. Mama achukue mtandio na viatu vya kuvulika upesi.

Bei iwe ya gari, si ya kichwa. Andikianeni saa za kuanza na kumaliza, nani analipa viingilio, na saa ya ziada ni randi ngapi. Chakula cha dereva ni juu yenu, hata kama wakala atasema kimeshalipiwa.