Mama wa Lamu, huo mkebe wa njugu utoe nyumbani

Ujumbe uliingia juzi usiku kutoka Lamu, mtaa wa Langoni. Mama mmoja ana mtoto wa miaka minne ambaye akigusa njugu (karanga) tu, macho yanavimba na pumzi inambana. Kaona video kwenye simu kwamba huko ng'ambo watoto wa aina hii wanatibiwa kwa njugu zenyewe, kidogo kidogo mpaka mwili uzoee. Ameshasaga zake na kuzitia kwenye mkebe, na anataka kuanza na ncha ya kijiko kwenye uji. "Dada, nianze na kiasi gani?" Anauliza pia kama ampeleke ng'ambo kwenye jaribio la tiba hiyo.

Usianze. Huo mkebe utoe nyumbani leo, halafu rudi usome.

Haya siyasemi kwa kusikia. Wasomaji wangu wa zamani wanaijua habari ya kashata. Kwa wageni: mwanangu alikuwa hajatimiza miaka miwili, tuko harusini hapa Malindi, upande wa Shella, wifi yangu akamtia kipande cha kashata ya njugu mdomoni. Kabla hajakimaliza, midomo imefura, mwili umemtoka mabaka, kifua kinapiga mluzi. Hospitali tuliyokimbilia, daktari akaandika dawa ya minyoo. Minyoo! Hadi leo nikipita barabara ile nageuza uso. Sindano ya adrenalini, ile ya kuzima shambulio la aleji, tuliipata kwingine, kwa muuguzi mtu mzima aliyemtazama mara moja akajua.

Mavyaa wangu akaamua ni kijicho. Halafu akabadili akasema aleji ni maradhi ya Wazungu, mtoto wa Kiswahili hadhuriwi na njugu. Kuna siku niliinusa siagi ya njugu kwenye mchuzi wake, sahani ya mtoto ikiwa tayari imepakuliwa. Hakuna aliyeniomba radhi. Tuendelee.

Mume wangu alipata kazi London, tukahama. Miaka ya mwanzo naiacha, ni baridi na foleni tu. Kwenye kliniki ya aleji ndiko tulikoambiwa kuna jaribio linatafuta watoto.

Mtu wa kaunti ya Kilifi hatishwi na neno utafiti. Tumekua na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kina mama wa huku wamewapeleka watoto wao kwenye majaribio ya chanjo ya malaria, na hadithi za damu kuuzwa tumezisikia zote. Kwa hiyo fomu ya ridhaa niliichukua nikaenda nayo nyumbani, nikaijaza maswali pembeni kwa kalamu nyekundu. Daktari alicheka, akasema hajaona fomu iliyorudi imechafuka namna ile. Nilijisikia vizuri, sifichi. Uliza, mama. Usione haya.

Kwanza wanahakikisha aleji ipo kweli: mtoto analishwa njugu kwa vipimo mbele ya madaktari mpaka mwili ukatae. Siku hiyo sitaki kuikumbuka. Kisha kompyuta inapiga kura: huyu apewe unga wa njugu, huyu apewe plasebo, yaani unga wa bure uliofanywa ufanane na ule wa kweli. Mama haambiwi, na daktari naye haambiwi.

Dozi ya kwanza haifiki hata miligramu moja. Njugu moja ina protini kama miligramu 250 hadi 300, hebu piga hesabu. Kila kiwango kinapopandishwa mnarudi kliniki. Muuguzi anakifungua kidonge chenye unga, anakigonga kwa ukucha hadi chembe ya mwisho idondoke juu ya ndizi iliyopondwa, mtoto anakula, mnasubiri. Sindano iko tayari kwenye sinia. Anakuja anainua fulana, anatazama tumbo, anapima presha, anaondoka, anarudi tena. Nyumbani ni dozi ileile kila siku baada ya chakula. Akishakula hakimbii wala haogi maji ya moto. Akiwa na homa, unapiga simu kwanza. Mzuie mtoto wa kiume kucheza mpira jioni nzima, ndipo utajua familia nyingi huchokea wapi.

Baada ya miezi mingi ya nidhamu hiyo wakafungua siri. Mwanangu alikuwa upande wa plasebo.

Mume wangu alipandisha sauti pale pale. Mavyaa, kwa simu, akasema si niliwaambia, mmefanywa panya. Mimi nilijifungia chooni nikalia. Lakini nililia nikijua fomu ilisema hivyo, na nilitia sahihi.

Na plasebo ina kazi yake. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya PALISADE, jaribio la unga huu wa njugu. Kati ya watoto wa miaka 4 hadi 17 waliopewa unga wa njugu, asilimia 67 waliweza kula miligramu 600 za protini yake, sawa na njugu mbili hivi, bila dalili za kuwasimamisha. Upande wa plasebo walikuwa asilimia 4. Hapo hakuna ubishi. Sasa tazama jaribio la 2023 la kiraka kinachobandikwa mgongoni, kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu: waliofanikiwa kwa kiraka cha kweli ni asilimia 67, na wa kiraka kitupu ni 33.5. Thuluthi nzima! Mmoja wao angekuwa wako, wewe na kijiko chako mngeapa kwamba uji umemponya.

Kisha tukapewa nafasi ya unga halisi. Alitapika mara kadhaa, na usiku mmoja nilimdunga adrenalini kwa mkono wangu mwenyewe, ambulensi ikiwa njiani. Katika PALISADE, asilimia 14 ya waliokula unga wa njugu walihitaji sindano hiyo wakati wa matibabu. Wewe uko Lamu. Usiku bahari imechafuka, utaita nani? Kalamu za adrenalini, yaani sindano zilizojazwa tayari, tangu turudi Malindi mimi huletewa na ndugu wanaosafiri, kwa sababu maduka ya dawa ninayoyajua hapa hayana.

Alifika mwisho wa kupandishwa dozi, alhamdulillahi. Leo akiuma kashata kwa bahati mbaya hatukimbii. Lakini hajapona, na hapa naomba unisikie vizuri. Bado anakula kipimo chake alichopangiwa na daktari, kila siku ya Mungu. Jaribio la IMPACT, la 2022, lilichukua watoto chini ya miaka minne. Matibabu yalipokwisha, asilimia 71 walikuwa wanastahimili njugu. Wakaachishwa kwa miezi sita, wakabaki asilimia 21. Basi ukiketi na watafiti, waulize: jaribio likiisha, mtoto atakula nini, nani atalipa, nani atamwangalia? Waulize tena siku ya pili. Wakikujibu kwa haraka haraka, uliza mara ya tatu.

Video yako, nadhani, imechanganya mambo mawili. Kuna utafiti wa London wa 2015, LEAP, wa watoto wachanga 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye pumu ya ngozi kali au aleji ya mayai. Waliolishwa njugu mapema, asilimia 3.2 walipata aleji wakifika miaka mitano. Waliozuiwa, asilimia 17.2. Huo ni kinga kwa ambao bado, na hata wao walipimwa kwanza. Wako ameshafika upande wa pili. Na angalia uji wenyewe: unga wa lishe unaouzwa sokoni mara nyingi una njugu ndani. Soma pakiti, na wa kupimiwa kwa kilo usinunue kabisa.

Umeuliza pia kama umpeleke ng'ambo kwa ajili ya jaribio. Simshauri mtu. Mwaka 2024 Marekani iliruhusu sindano ya Xolair, dawa ya kupunguza makali ya aleji, kwa aleji za vyakula kuanzia umri wa mwaka mmoja, na hiyo nayo ni ya kudungwa tena na tena kila baada ya wiki mbili au nne. Unga ndio usiseme, kliniki wanataka kumwona mtoto kila dozi inapopanda, kwa miezi. Sisi tulirudishiwa nauli, ni kweli. Nauli ya basi.