Kabla hujanunua taa nyingine, tia mkono kwenye tanki

Mwaka wa kwanza wa chumba changu cha kuoteshea mimea kwa haidroponiki, yaani bila udongo, mizizi ikiwa kwenye maji ya tanki yenye virutubisho, nilikuwa mtu wa kununua. Mmea ukinyong'onyea, nanunua taa. Jani likipauka, nanunua chupa ya virutubisho yenye lebo inayoahidi makubwa. Nikafikia mahali rafu zangu mbili za letusi zinamulikwa kama jukwaa la harusi, na bado kila ifikapo saa saba mchana majani yanalala chali. Mizizi iko ndani ya maji, mmea unakufa kiu! Wiki tatu nzima nilikuwa nauzunguka huo mkasa bila kuuelewa.

Siku moja nilikuwa nakaza bomba lililolegea, mkono ukaniteleza ukazama kwenye tanki. Maji yalikuwa vuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nilipotumbukiza kipimajoto kilisoma nyuzi 29.

Hapo ndipo haidroponiki ilipoanza kuniingia akilini. Mzizi hunywa, lakini pia hupumua. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Na joto hilohilo linalopunguza hewa ndilo linaloufanya mzizi uhitaji hewa zaidi. Katikati ya upungufu huo anaingia Pythium, kimelea anayependa maji ya moto na mizizi iliyochoka. Utamjua kwa mkono na kwa pua: mzizi unateleza, unanuka kama mtaro, na ukiuvuta taratibu ganda lake linachomoka na kubaki uzi mwembamba. Usihukumu kwa rangi peke yake. Baadhi ya mbolea hutia mizizi rangi ya chai, na mmea ukawa mzima kabisa.

Nilijaribu kumwaga haidrojeni peroksaidi, dawa ya kuua vijidudu. Mizizi ilitakata, nikafurahi, na baada ya siku chache utelezi ukarudi, kwa sababu maji yalikuwa bado ya moto. Kilichoniponya hakikuwa cha dukani. Nilishusha tanki kutoka rafu ya juu, lilipokuwa linaota joto la taa, nikaliweka sakafuni. Nikalizungushia godoro kuukuu la sponji, na juu yake plastiki nyeupe. Nikaondoa pampu ya kuzama niliyoinunua kubwa kupita mahitaji, maana pampu iliyomo majini nayo huyapasha moto usiku na mchana. Nikaongeza jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu majini. Maji yakashuka hadi nyuzi 21, na lengo langu tangu hapo ni kati ya 18 na 22. Chupa za maji yaliyogandishwa nazo hufaa kwa tanki la lita 30 au 40. Ukiwa na lita 100 utakuwa mtumwa wa friji.

Mfuniko uwe wa kuzuia mwanga kabisa. Pakiingia mwanga na virutubisho vipo, mwani utaota, na mwani hauli tu chakula cha mimea yako: ukifa unaoza, na kuoza kunakula oksijeni uliyohangaika kuiingiza.

Baada ya tanki, mashaka yangu yakahamia kwenye vipimo. Kuna kipindi majani machanga yaligeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, dalili ya kukosa madini ya chuma. Kipimo cha pH, yaani cha uchachu wa maji, kilisema 6.0, mahali pazuri kabisa kati ya 5.5 na 6.5. Nikaongeza chuma. Njano ikazidi. Nikaongeza tena. Kumbe kile kipimo kilikuwa kinanidanganya, maana nilizoea kukirudisha kwenye kabati kikiwa kikavu. Nilipokisawazisha kwa vimiminika vya pH 4 na 7, tanki likaonekana liko 7.2. Chuma kilikuwamo tele, ila EDTA, kemikali inayokishikilia ndani ya maji, huanza kukiachia pH inapopita 6.5 hivi, na kikishaachiwa mzizi haukipati. Siku hizi nasawazisha kila baada ya wiki mbili na kuandika tarehe kwenye mkanda niliobandika ukutani. Kichwa cha kipimo kinalala ndani ya kimiminika chake cha kuhifadhia, chenye kloridi ya potasiamu. Usikiloweke kwenye maji yaliyokenekwa. Kinaharibika polepole huku ukidhani unakitunza.

EC, yaani kipimo cha wingi wa chumvi, nilikuwa naisoma peke yake kama mtu anayesoma nusu ya barua. Isome pamoja na kina cha maji. Kina kikishuka na EC ikapanda, mimea inakunywa kuliko inavyokula, kwa hiyo jazia maji matupu. EC ikishuka, inakula, ongeza virutubisho. Letusi wangu hukaa vizuri kwenye EC ya 1.2 hadi 1.8 (mS/cm), nyanya zinataka 2 hadi 3.5. Lakini EC haikuambii ni chumvi gani iliyomo. Kile mimea isichokitaka, hasa sodiamu, kinabaki kikijirundika huku namba ikionekana nzuri. Kwa hiyo kila wiki mbili au tatu namwaga yote na kuanza upya. Maji ya zamani nayapeleka kwenye miti iliyo ardhini; kuyatiririsha mtoni ni kuulisha mwani wa huko.

Na tafadhali, zile mbolea za maji zinazouzwa kwa jozi, A yenye kalsiamu na B yenye salfeti na fosfeti, zisikutane zikiwa kali. Nilishawahi kuzichanganya kwenye ndoo moja ili niokoe dakika tano. Kalsiamu ilikutana na salfeti na fosfeti, ikashuka chini kama unga mweupe, na hakuna mzizi uliowahi kula unga ule. Weka A kwenye tanki lenye maji mengi, koroga, ndipo ulete B.

Kitalu nyumba kina tabia nyingine kabisa. Chumbani mwenye amri ni mimi. Kule mwenye amri ni jua, kazi yangu ni kumpisha. Kosa langu lilikuwa madirisha ya pembeni tu, nikiamini upepo utapita. Hewa ya moto hupanda, ikikosa tundu juu inakaa palepale kichwani mwa nyanya. Kanuni inayotumika sana ni matundu ya hewa yafikie asilimia 15 hadi 25 ya eneo la sakafu. Ukiweka wavu mdogo wa kuzuia wadudu, ongeza ukubwa, kwa kuwa wavu ule unakaba hewa pia. Nilifungua paa kileleni na ndani ya siku hiyohiyo nikasikia tofauti usoni. Wavu wa kivuli nao utandaze nje, juu ya plastiki. Ukiutundika ndani, joto limeshaingia.

Maua ya nyanya yaliyokuwa yakidondoka nililaumu mbolea, halafu mbegu, halafu aliyeniuzia mbegu. Ilikuwa joto. Nyuzi zikipita 32 mchana, chavua inaanza kushindwa kazi. Isitoshe ndani ya kitalu hakuna nyuki wala upepo wa kutosha, kwa hiyo natikisa vishada kwa mkono siku ikishapamba moto na maua yamekauka umande. Jirani aliniona akadhani nazungumza na nyanya. Sikukanusha.

Wadudu niliwaingiza mwenyewe, kwenye shati. Nilikuwa natoka kitaluni, penye inzi weupe, naingia moja kwa moja chumbani kukagua letusi. Siku hizi naanza chumbani asubuhi, kitalu baadaye, na sirudi nyuma bila kubadili nguo. Mche wa kutoka nje unakaa peke yake wiki mbili. Karatasi za gundi za njano hunionyesha inzi weupe na vidukari, za bluu hunasa vithiripi, wadudu wadogo wembamba wafyonzao majani. Hazimalizi wadudu, ila hunipa habari mapema. Ukweli wenyewe uko chini ya jani, kwa hiyo geuza majani.

Umeme nao. Kila waya unaoingia kwenye soketi uninginie kwanza chini ya soketi, ndipo upande, ili tone la maji lidondokee sakafuni na si ndani. Pampu ya hewa iwe juu ya usawa wa maji, au mpira wake uwe na vali ya njia moja. Yangu ilikuwa chini, na umeme ulipokatika usiku maji yakarudi kupitia mpira uleule. Asubuhi nilikanyaga lita ishirini. Kukatika huko kulinifundisha jingine: mimea ya mabomba yenye utando mwembamba wa maji haina akiba, siku ya joto mizizi inaanza kukauka upesi sana pampu ikisimama. Letusi wote nikawahamishia kwenye maji ya kina, ambako saa chache bila umeme si msiba.

Kuhusu kuboresha, nabadili kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika kwenye daftari. Nilipokuwa nabadili vitatu kwa pamoja, mimea ilipopona sikujua nishukuru kipi. Hata mwanga niliupunguza: saa 16 kwa letusi, na nyanya lazima zipate giza, maana ukiziwashia taa usiku kucha majani yake huharibika.

Wiki hii nachimba shimo kitaluni nizike tanki, kwa sababu udongo wa kina kile haufuati joto la mchana. Kipimajoto kimelala shimoni tangu juzi: 22 asubuhi, 23 alasiri. Taa ya tatu bado iko kwenye boksi lake, haijafunguliwa.