Ndama kaachishwa maziwa, tumbo limekuwa pipa

SWALI: Nina ndama jike, chotara wa Friesian, wa wiki 10. Wiki mbili zilizopita nilimkatia maziwa kwa mara moja, nikamwachia mabingobingo ale atakavyo. Sasa tumbo linaning'inia, uti wa mgongo unaonekana na manyoya yamesimama. Dawa ya minyoo nimempa, hola. Nimekosea wapi?
Mfugaji, Tukuyu

JIBU: Umemwachisha kabla tumbo lake halijakomaa. Maziwa hayapiti kwenye rumeni, lile tumbo la kucheulia. Yana mfereji wake unaoyapeleka hadi tumbo la nne. Kinachokomaza rumeni ni nafaka: ikichachuka mle ndani hutoa asidi, nazo huotesha vinyweleo vya kufyonza chakula. Majani hulitanua tu. Tena mabingobingo mabichi, hasa ya masika ya huko Rungwe, karibu yote ni maji. Ndama anajaza tumbo lakini ana njaa.

Usihesabu wiki, pima anachokula. Ndama yuko tayari kuachishwa akimaliza kilo 1 ya chakula cha ndama, yaani mchanganyiko mkavu wa nafaka, kwa siku, siku 3 mfululizo.

Huyo wako mrudishie maziwa ya uvuguvugu: lita 1 siku ya kwanza, kisha lita 2 asubuhi na 1 jioni. Akikataa usimlazimishe, tia nguvu kwenye chakula kikavu. Kilo 100 unazichanganya hivi: mahindi yaliyoparazwa 50, soya 20, pumba za ngano 17, mashudu ya alizeti 10, madini ya unga 2, chumvi 1. Soya lazima zikaangwe, mbichi huzuia protini kumeng'enywa. Mahindi yenye ukungu usiyaguse, hata yakioshwa. Anza na konzi mbili. Kila asubuhi mwaga masalia, weka mapya, kwani chakula kilicholowa mate ndama hakitaki. Usimpe mchanganyiko wenye urea, katika umri huu ni sumu kwake.

Maji ndiyo wengi huyasahau, eti maziwa yanatosha. Hayatoshi, kwa sababu hayafiki kwenye rumeni. Kila kilo ya chakula kikavu inataka maji kama lita 4, kwa hiyo ndoo safi isikauke. Badala ya mabingobingo mpe nyasi kavu laini. Ukikosa, yakate na kuyaanika siku nzima.

Akifikisha kilo 1, kata maziwa ya jioni kwa wiki moja, kisha punguza ya asubuhi hadi yaishe wiki ya pili. Wiki hizo usimkate pembe wala kumhamisha banda. Banda lenyewe liwe kavu.

Kinyesi ukikikuta na damu au kamasi, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huenda ni koksidia, vijidudu vinavyoshambulia utumbo, na dawa ya minyoo uliyompa haiviui.